Daraja la Tarehe Kumi na Sita

Jumanne, 1 Julai

Mwezi huu natimiza miaka thelathini na minane ugenini. Binti yangu amebisha, anasema ni thelathini na saba. Alivuka mpaka akiwa mgongoni kwangu, amelala fofofo, mdomo wazi, udenda ukinitiririka shingoni – sikumruhusu kubishana.

Leo redioni kuna zulia jipya. Redio yetu, ya watu wa nyumbani tulioko huku, ni vyumba viwili juu ya duka la dobi. Miaka yote sakafu ilikuwa mbao tupu, na mvuke wa pasi ulipenya kwenye nyufa ukatupasha miguu siku za baridi. Nilikuwa naupenda mvuke ule. Sasa mbao zimefunikwa zulia la rangi ya ini, zawadi ya ubalozi. Linanuka gundi. Pia mitambo mipya. Pia viti vya kuzunguka. Ubalozi uleule ambao zamani haukutaka hata kutupokelea simu! Mtangazaji wetu, tunayemwita Betri kwa sababu haishiwi maneno, alikuwa anazunguka na kiti chake kama mtoto kwenye bembea.

"Jaribu basi, mwalimu! Mgongo wako utashukuru."

Nikamwambia mgongo wangu haujazoea kuishukuru serikali. Akacheka. Hakupenda.

Kazi yangu pale, tangu nistaafu maktaba, ni dakika chache za asubuhi, baada ya habari na kabla ya matangazo ya vifo. Kipindi kinaitwa "Siku Kama ya Leo". Natafuta mambo matatu yaliyotokea tarehe hiyo, miaka tofauti, nayasoma. Mawili ya dunia, moja la kwetu. Meli iliyozama, dawa iliyogunduliwa, mfalme aliyekimbia ikulu yake. Watu wananisikiliza wakipiga mswaki.

Siku moja tu kwa mwaka nauvunja utaratibu huo. Tarehe kumi na sita Julai sisomi meli wala mfalme. Nasoma majina ya watu waliofungiwa na askari ndani ya kinu cha kukamua mafuta, mjini kwetu, kisha kinu kikatiwa moto. Walikuwa wamegoma. Majina tu, basi. Inachukua muda wa chai kupoa. Kisha kimya. Kisha vifo vya wiki hii.

Tarehe hiyo inakaribia. Na zulia limefika. Pua yangu imeanza kuunganisha mambo.

Alhamisi, 3 Julai

Mwambata kaja. Ndiye mtu wa ubalozi anayeshughulikia "wananchi walioko nje". Ndio sisi. Kabla ya hapo tuliitwa wakimbizi, na kabla ya hapo wasaliti. Tumepandishwa cheo!

Manukato yake yaliingia kwanza, yeye akafuata. Kijana nadhifu, shingo nene, mkono laini wenye unyevu kama kitambaa cha kufutia meza. Shikamoo yake ilikuwa ndefu mno. Akavuta sahani ya biskuti zetu bila kukaribishwa, akala huku anaongea, chembe zikamganda kwenye kona ya mdomo zikawa zinacheza na kila neno. Sikuweza kuangalia kitu kingine.

"Mwalimu, nyumbani wanakuulizia sana."

Nikauliza nani.

"Taifa."

Nilidhani atasema mdogo wangu.

Maneno yake kwa ufupi: tarehe kumi na sita imetangazwa kuwa Siku ya Shukrani. Itakuwa wiki nzima ya sherehe, na kilele chake ni mjini kwetu, darajani. Natakiwa niwepo kwenye kilele. Tiketi watalipa wao, ya kuondoka tarehe kumi na saba. Nitakaa jukwaani na mdogo wangu wa kike, na televisheni itatuonyesha tunakumbatiana. Aliposema "mnakumbatiana" alifungua mikono kuonyesha upana, kama muuza vitambaa.

Lakini ni mdogo wangu! Tumbo moja, wa mwisho aliyebaki. Miguu imemvimba, moyo umepanuka, daktari amemkataza hata basi la kwenda wilayani. Yeye hawezi kuja huku. Mimi sikuweza kwenda kule. Miaka yote hii tumekuwa sauti mbili kwenye simu, na sauti yake sasa inapumzika katikati ya maneno. Daktari amesema wazi: tusihesabu mwaka.

Nilikubali kabla biskuti haijaisha mdomoni mwake.

Akachukua hati yangu ya kusafiria ili ipigwe mhuri. Ndipo akatoa karatasi. Mambo matatu ya tarehe kumi na sita, yamekwisha kuchapwa: kuwekwa jiwe la msingi la uwanja wa mpira, timu ya taifa kutwaa kombe, na kufunguliwa kwa daraja la mjini kwetu.

Nikamuuliza kuhusu majina.

"Majina mwaka huu tuyapumzishe, mwalimu."

Tuyapumzishe! Kama ng'ombe wa kulimia!

Akaendelea, kwa tabasamu, kwamba hati yangu nitaichukua kwake kipindi kikishapita salama. Alipoondoka, Betri akafungua dirisha. Hata yeye.

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimesoma habari za kondoo wa kwanza aliyezalishwa kwa kunakiliwa kutoka kondoo mwingine. Betri akauliza hewani: sasa huyo baba yake nani? Nikamjibu hana, amenakiliwa tu. Akasema, "Kama habari zetu!" Halafu akakumbuka mitambo ni ya nani, akaweka wimbo haraka. Maskini.

Nimeisoma karatasi ya Mwambata tena na tena. Uwanja, sina hakika. Kombe, watajua wapenda mpira. Lakini daraja – hapana. Daraja nilikuwepo.

Lilifunguliwa mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto. Nilikuwa mwalimu wa historia, nikapeleka darasa zima kuimba. Watoto walilowa mpaka bendera za karatasi zikachujuka rangi mikononi mwao. Mgeni rasmi alishuka garini, akakanyaga tope, kiatu kikabaki. Akaendelea kutembea na soksi, kwa heshima zote, kana kwamba ndivyo madaraja yanavyofunguliwa. Darasa langu likacheka. Niliandikishwa maelezo kwa nini wanafunzi wangu hawana adabu.

Julai kwetu ni vumbi. Huwezi kupoteza kiatu Julai.

Kwa hiyo wamelihamisha daraja. Wamelitoa masika wakalileta kiangazi, wakalilaza juu ya kinu. Mtu akiuliza tarehe kumi na sita kulikuwa na nini, jibu ni daraja. Uongo mtupu ningeuvumilia, nimesoma mwingi. Kinachonitia kichefuchefu ni unadhifu wake. Mtu fulani alikaa ofisini, akapitisha kidole kwenye kalenda, akatafuta kitu kizito cha kufunikia.

Jioni nikapiga simu nyumbani. Akapokea mpwa wangu, mtoto wa pekee wa mdogo wangu. Ni mfanyakazi wa manispaa, na mwaka huu yumo kwenye kamati ya sherehe. Kazi yake viti na jukwaa.

"Mjomba, umeshaambiwa? Mama halali kwa furaha. Tafadhali, usituharibie."

Nikamwambia: baba yako alikuwa ndani ya kinu kile.

Nikasikia akisogeza kiti. Kisha: "Baba simjui, mjomba. Kazi naijua."

Nilitaka kumtukana. Alikuwa tumboni siku ile. Nimtukane kwa lipi?

Akampa mama yake. Akaniuliza kama nimenenepa, kama bado nina meno, kama nitamtambua. Nikasema nitamtambua kwa kelele. Akacheka hadi akakohoa. Kisha nikamweleza habari ya karatasi, nikijikanyaga.

"Soma wanachotaka, kaka," alisema. "Wewe uje tu."

Mjane wa kinu ndiye amesema. Basi mimi ni nani?

Jumatatu, 7 Julai

Nimenunua sanduku. La bluu, la magurudumu. Nikalivuta mtaani kama ninamtembeza mbwa.

Binti yangu alikuwa anakata vitunguu. "Baba, unapiga mluzi."

Kweli. Nilikuwa napiga mluzi! Sijapiga mluzi tangu mama yake afariki. Nikaenda kunawa uso. Kwenye kioo kulikuwa na mzee aliyeridhika, mashavu yamemjaa. Sikumpenda.

Binti hajasema nisome nini. Amesema tu kwamba shangazi yake anapenda sweta la vifungo mbele, kwa sababu mikono haiinuki tena. Amelikunja akalitia sandukuni mwenyewe.

Ijumaa, 11 Julai

Leo kwenye kipindi nilisoma jambo moja zito. Siku kama ya leo, mji mmoja wa Ulaya uliokuwa chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa uliangukia mikononi mwa wauaji, na katika siku zilizofuata maelfu ya wanaume na wavulana wakatenganishwa na mama zao na wake zao, wakauawa, wakafukiwa kwa matingatinga. Nilisoma polepole. Nilitaka kuona nani atashtuka.

Simu ikaja kabla sijavua miwani. Mwambata!

"Mwalimu, leo umenigusa. Kweli kabisa. Ile sauti yako! Dunia haipaswi kusahau."

Nilidhani ananidhihaki. Hapana, alikuwa anamaanisha. Pengine hata machozi yalimlengalenga. Maiti wa wengine anawalilia kwa moyo mweupe. Wa kwetu wapumzishwe. Nikashukuru, nikakata. Mkono ukawa unaninukia manukato yake, na alikuwa upande wa pili wa mji! Nikaunawa mara mbili.

Mchana mpwa wangu kapiga. Nilikuwa nimemwomba apite darajani aniangalizie lile jiwe la ufunguzi, lenye jina la mgeni rasmi na tarehe. Kaenda. Jiwe ni jipya. Linang'aa, limeandikwa 16 Julai kwa herufi za dhahabu. Lile la zamani limetumika kama ngazi ya kupandia jukwaa, maandishi yakiwa chini. Aliniambia hivyo bila aibu, kama fundi anavyosifia kipimo chake.

"Limekaa vizuri sana, mjomba. Halitikisiki."

Daraja zima limehamishwa na halikuguswa hata tofali. Jiwe moja tu limegeuzwa.

Jumapili, 13 Julai

Nilikwenda kunyoa. Kinyozi wetu ni mtu wa nyumbani, na kwake kila Jumapili wanakaa wenzetu walewale: dereva mstaafu, muuza simu za mitumba, na yule tunayemwita Msemaji Mkuu kwa sababu haruhusu mwingine aseme. Miaka yote, Julai ikifika, ndio wanaonikumbusha. Mwalimu, usisahau kumi na sita. Mwalimu, soma kwa sauti, mwaka jana redio ilikoroma.

Leo nilipoingia walikuwa wanazungumza. Wakaacha. Halafu wote wakaanza kuongea juu ya bei ya matairi.

Nikakaa kitini. Nikauliza moja kwa moja: mwaka huu mnataka nisome nini?

Dereva akasema anachelewa mahali. Jumapili! Muuza simu akainamia simu ambayo haikuwa na kioo. Msemaji Mkuu akakohoa, akasema kila jambo na wakati wake, na kwamba watu wazima hatupaswi kukwangua vidonda, na kwamba yeye binafsi ana kiwanja nyumbani anakifuatilia. Ndipo nikaelewa. Wote wamempelekea Mwambata hati zao zipigwe mhuri. Sote watano tuliokuwa chumbani tulikuwa tumekwenda kwake, mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma. Mimi nikiwa wa kwanza.

"Usituangalie hivyo, mwalimu," kinyozi aliniambia kwenye kioo, wembe mkononi. "Na wewe tumeliona sanduku lako. La bluu."

Wakacheka. Nikacheka nao. Kicheko kibaya, kama cha watu waliokutana mlangoni mwa nyumba wasimotakiwa kuonekana.

Nimerudi na shingo inawasha. Sitaki kula.

Niandike habari za shemeji, maana leo nimemfikiria njia nzima. Mume wa mdogo wangu hakuwa mfanyakazi wa kinu. Alikuwa fundi mizani. Anazunguka na kisanduku cha mawe ya kupimia, anarekebisha mizani za maduka na maghala. Siku ile aliitwa kinuni asubuhi kwa sababu mizani kubwa ilikuwa inaiba. Angemaliza saa tano. Mgomo haukumhusu. Mlango ukafungwa naye yumo, amepiga magoti, anaangalia mshale.

Serikali ilipokuja kukubali, baada ya miaka mingi, kwamba palikuwa na ajali – hitilafu ya umeme, walisema! – ilitoa orodha ya wafanyakazi waliopoteza maisha. Yeye hakuwemo. Hakuajiriwa pale, kwa hiyo hakufa pale. Kaburi hana, maana hakuna kilichoweza kutenganishwa. Majina yale niliyaandika mimi, ubaoni, darasani kwangu, siku ya pili yake, wazazi wakija mlangoni kuniambia nani hajarudi. Ndiyo sababu nililazimika kukimbia. Shemeji nilimwandika wa mwisho. Nilisubiri mpaka jioni, huenda angetokea na kisanduku chake.

Tangu hapo jina lake halitajwi popote duniani, isipokuwa mara moja kwa mwaka, juu ya duka la dobi.

Jumatatu, 14 Julai

Nilisoma kuvamiwa kwa lile gereza la Ufaransa. Ndani walikutwa wafungwa saba tu. Betri akatoa macho: mwalimu, leo kweli tuzungumzie kuvamia magereza? Ubalozi wanasikiliza! Nikamwambia ni zaidi ya miaka mia mbili. Akasema hata hivyo.

Nimeangalia tarehe kumi na sita imebeba nini, nje ya mambo yetu. Hesabu ya miaka ya Hijria wataalamu wanaianzishia hapo – kalenda nzima imeanza na watu waliohama kwao. Tarehe hiyohiyo, katika mji mkuu mmoja wa Ulaya, polisi waliwakusanya Wayahudi kwa maelfu, watoto kwa wazee, wakajaza uwanja wa mashindano ya baiskeli. Miaka mitatu baadaye, jangwani, bomu la kwanza la atomiki likajaribiwa. Tena tarehe hiyohiyo watu wakarushwa kwenda mwezini.

Yote yamekaa humo. Hakuna aliyesema bomu lisogezwe ili mwezi upate nafasi.

Sisi tu.

Jumanne, 15 Julai

Amenipigia mdogo wangu. Mwenyewe! Kijana wake yuko darajani anapanga viti, akamwachia simu ili apigiwe dawa zake zikifika. Alikuwa mchangamfu. Pumzi fupi lakini mchangamfu. Nywele zake zimesukwa leo. Kamati imemletea kitambaa cha jukwaani, cha rangi ya bendera, na yeye anasema kinamfanya aonekane kama meza ya harusi. Tulicheka.

Kisha akaniuliza: "Kesho ni saa ileile, kaka? Nataka nioge mapema ndipo nikae nisikilize."

Hajawahi kuniambia kwamba anasikiliza. Miaka yote! Kumbe kila tarehe kumi na sita mwanawe anamfungulia redio yetu kwenye simu, anamwekea juu ya mto wa kitandani, anamwachia. Yeye anasubiri mpaka jina la mwisho. Kisha anaendelea na kazi zake.

Nikasema ni saa ileile.

"Utaanza na ya kwao, au utaanza na majina?"

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Kaka?"

Nikamwambia. Majina hayapo mwaka huu. Ni ya kwao tu.

"Yote hayapo?"

Yote.

"Hata lake?"

Hata lake.

Nilisikia kuku. Nilisikia mtu akigonga bati mbali. Nilisikia pumzi yake ikitafuta pa kukanyaga.

"Mimi nilidhani wanaongeza," alisema. "Nilidhani unasoma yako, kisha unawasomea na yao wafurahi. Sikujua wanatoa."

Nami nilidhani ameelewa! Nilimweleza nikijikanyaga, kama mwizi, nikafurahi aliposema ndiyo, sikuuliza tena. Alichoruhusu hakikuwa nilichoombwa.

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Swali la aibu. Mzee mzima namtwisha mgonjwa mzigo wangu.

Akakohoa. Kisha akasema, "Uje, kaka." Akasema tena, "Uje, nikuone." Halafu, kama mtu anayejisemea peke yake jikoni: "Ila sasa nani atamtaja?"

Salio likaisha. Au alikata. Nilipiga tena, haikupokelewa.

Binti yangu amenikuta nimekaa juu ya sanduku. Ameketi kando yangu, sanduku likalia. Baadaye akasema, "Baba, ukienda nitafurahi. Usipokwenda sitakulaumu. Lakini usiende halafu ukarudi ukiwa hivi."

Nikauliza, hivi vipi?

"Hivi unavyonawa mikono kila saa."

Jumatano, 16 Julai

Studio. Naandika kwenye goti, habari zinasomwa. Baada ya habari kuna wimbo, kisha mimi.

Mwambata amekuja mwenyewe! Yuko chumba cha nje, nyuma ya kioo, kwenye kiti cha kuzunguka. Ameleta keki. Ameugonga mfuko wa koti kifuani, mara mbili, akanionyesha ncha ya hati yangu. Akatabasamu. Meno mengi. Harufu yake imepita chini ya mlango ikachanganyika na ya zulia, na kweli nimemeza mate ya kutapika. Si maneno ya kitabuni, nimemeza.

Betri ameniwekea ile karatasi mbele, ameipigia pasi kwa kiganja. Amesema kwa sauti ya chini, bila mzaha hata kidogo:

"Mwalimu, ukianza majina nazima. Usinichukie. Nina watoto watatu na mitambo si yangu."

Nikamwambia simchukii. Ni kweli. Ndiye aliyekuwa akinishikia glasi ya maji kila mwaka nikifika katikati ya majina.

Simu yangu imelia sasa hivi. Mpwa wangu. Kelele za vipaza sauti kwa mbali nyuma yake, moja mbili, moja mbili, wanajaribu jukwaa.

"Mjomba, nimerudi nyumbani mbio mara moja. Redio kwenye simu haishiki, mtandao umezidiwa na sherehe. Mama anasema nikupigie moja kwa moja, uweke simu mezani asikilize kutoka hapo hapo. Ameoga, amekaa. Sijui anataka kusikia nini. Hataki kuniambia." Akavuta pumzi. "Mimi gari linaningoja." Lakini sikusikia mlango. Bado yupo.

Nimeweka simu mezani, kati ya kipaza sauti na karatasi. Inapumua. Ni mdogo wangu, naijua pumzi yake, inapumzika katikati.

Betri ameiona simu. Ameangalia kioo, ameniangalia mimi. Mkono wake uko kwenye swichi. Akizima, mji huu hautasikia. Chumba kile kimoja cha mdogo wangu kitasikia.

Nyuma ya kioo Mwambata anakata keki.

Wimbo unafika mwisho. Karatasi nimeigeuza kifudifudi. Majina siyasomi popote, ninayo kichwani. Nitayataja yote kwa mpangilio wa ubaoni, na la fundi mizani nitalitaja la mwisho, polepole, ili alipate lote. Nikimaliza sitakuwa na hati, na sitamwona mdogo wangu.

Taa nyekundu ya kuniambia niko hewani bado haijawaka. Sitarudi nyumbani.